Mkono wa Usukani wa Gari la Bwana Kosta

Vijana wa karakana wameniomba niandike machache kabla sijasahau, kana kwamba mtu akistaafu leo kesho anaamka hajui jina lake. Sijasahau kitu. Macho yangu bado yanauona mstari wa penseli juu ya chuma, na masikio bado yanatofautisha nati iliyokazwa na isiyokazwa kwa mlio wa spana tu. Habari za vyeo na mishahara ziko ofisini. Nendeni mkazisome huko kama mna muda wa kupoteza. Mimi nitawaeleza habari za gari moja, kwa sababu karibu kila nilichowafundisha baadaye kilitoka kwenye gari lile.

Nilirudi Mbeya kutoka Ndola, kwenye migodi ya shaba, katika miaka ya hamsini. Nilikuwa na sanduku la bati, suti ya kijivu, baiskeli na diploma ya ufundi mitambo. Suti na baiskeli walirudi navyo wengi. Diploma nilirudi nayo mimi. Niliisomea kwa posta. Masomo yalikuja ndani ya bahasha, nami nikichora gia na mihimili juu ya ubao nilioulaza kitandani, wenzangu wakiwa kwenye pombe wakinicheka kwamba naandikiana na wanawake wa mbali. Hakuna aliyenilipia wala aliyenisukuma. Baba yangu, mkulima wa kahawa na ndizi karibu na Kiwira, alipoletewa karatasi ile aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama mbele na nyuma, kisha akauliza kama inaharibika ikinyeshewa. Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi usitembee nayo huku kwetu.

Karakana niliyoingia ilikuwa jengo la mabati pale Mbeya mjini, na mwenyewe alikuwa Sohan Singh, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na mikono mipana kama makoleo. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa suti. Singh aliipokea diploma yangu, akaisogeza mbali na macho, akaisoma yote.

"Nani alikufundisha?"

"Nilisoma kwa posta, mzee."

"Kwa posta," alisema. "Basi mwalimu wako alikuwa stempu."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha nyundo, na tangu siku hiyo jina langu pale likawa Stempu. Singh alinipa kipande cha chuma kilichokatwa ovyo, tupa moja na rula ya kupimia pembe, akaniambia nikifanye kiwe na pande sawa kila upande, kama tofali dogo. Nilivua koti. Nilipomaliza alikishika mbele ya dirisha, akaweka rula juu yake, akatazama kama mwanga unapita katikati. Ukapita. Akanirudishia. Hata leo kijana akija kwangu na maneno mengi namkabidhi tupa na kipande cha chuma. Maneno hupungua yenyewe.

Sitaki mdhani nilikuwa mbaya kazini. Nilikuwa bora kuliko wote, na Singh alilijua hilo mapema, ingawa uso wake haukuwa na tabia ya kusema mambo ya namna hiyo. Pampu za wachimba dhahabu wa Chunya zilipoletwa na mihimili iliyolika kwa mchanga, ni mimi niliyekaa kwenye mashine ya kukereza. Lakini kulikuwa na desturi moja iliyonikera. Pale kwa Singh kila fundi aliyekomaa alikuwa na chapa yake, alama ndogo iliyochongwa kwenye ncha ya chuma kigumu, na kila kipande alichotengeneza peke yake alikigonga chapa hiyo. Lori lililoharibika likivutwa mpaka karakana, Singh alitafuta chapa kwanza, ndipo akamsikiliza dereva. Chapa yake ilikuwa nyota. Mimi sikuwa na chapa. Kazi zangu zote zilitoka na nyota yake, na zikisifiwa ilisifiwa nyota.

Nilikwisha kuichora chapa yangu. Ilikuwa na jina langu lote, Asajile, na chini yake neno "Diploma". Nilimwonyesha Singh.

"Hii chapa au barua?" aliuliza. "Chuma hakina nafasi ya hotuba."

Ndivyo mambo yalivyokuwa alipokuja Bwana Kosta. Alikuwa Mgiriki mwenye shamba la tumbaku nje ya Iringa, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Yeye na wakulima wenzake walikuwa wamesafisha njia ya mviringo kwenye shamba lililopumzishwa, na walikuwa wamepatana kushindana kwa magari waliyoyaunda wenyewe. La Bwana Kosta lilikuja kwetu vipandevipande juu ya lori: chesisi ya lori dogo lililowahi kuanguka mtoni, injini ya gari la jeshi, viti havipo, bodi haipo, na matumaini mengi.

"Nataka likimbie kuliko la jirani yangu," alisema. "Mengine fanyeni mnavyojua."

Vijana wa leo mnaagiza spea. Kwa gari lile hapakuwa na cha kuagiza, kwa sababu halikuwa na ndugu duniani. Kila kitu kilipimwa, kikakatwa, kikajaribiwa, kikatupwa, kikakatwa tena. Bomba la kupeleka hewa kwenye injini tulilimimina wenyewe: tuliyeyusha pistoni mbovu kwenye chungu cha chuma, tukamimina kwenye umbo la mchanga laini wa mtoni uliochanganywa na udongo kidogo ili ushikamane. La kwanza lilitoka na matundu kama sponji kwa sababu mchanga ulikuwa na unyevu. La pili nilikausha mchanga kwanza, likatoka safi. Tangi la mafuta lilitoka kwenye pipa. Rejeta tuliifupisha. Mikanda ya kufungia boneti na matandiko ya viti alishona mke wangu Atupele, kwa turubai nene, kwenye cherehani yake aliyokuwa hamruhusu mtu kuigusa, hata mimi mwenye diploma.

Bwana Kosta aliamua pia kwamba siku ya mbio fundi atakaa kiti cha pembeni, achunguze mafuta na asikilize injini. Fundi huyo ni mimi. Nilifurahi sana. Kisha akaleta mkono wa usukani.

Kwa msiojua, huo ni mkono mfupi wa chuma unaopokea amri kutoka kwenye usukani na kuipeleka kwenye magurudumu ya mbele. Ukivunjika, dereva anabaki ameshika duara lisiloongoza chochote. Mkono wa lile lori la mtoni ulikuwa umepinda. Bwana Kosta alikuwa ameunyoosha shambani kwake, ukiwa baridi, kwa nyundo kubwa, akauchomelea mahali palipojikunja, kisha akaupaka rangi nyekundu inayong'aa. Aliuleta umefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga.

"Huu nimefanya mwenyewe," alisema.

Nilimwambia Singh kwamba chuma cha namna hiyo hakinyooshwi kikiwa baridi. Nilitaka tuufue mwingine kutoka kwenye ekseli ya lori, au angalau tuupime ule kwa mafuta ya taa na chaki. Jifunzeni jambo hili, ni rahisi na limeokoa watu: unapaka mafuta ya taa juu ya chuma, unayaacha yaingie, unafuta mpaka pakauke, kisha unapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Lakini ili kufanya hivyo lazima rangi ikwanguliwe.

"Rangi yangu?" alisema Bwana Kosta. "Hapana, hapana. Rangi isiguswe."

Singh alivuta ndevu. Mteja alikuwa mteja, na kwa muda mrefu alikuwa akituletea matrekta yake yote. "Funga," aliniambia.

"Mzee, mimi ndiye nitakayekaa pembeni yake."

"Vizuri. Kama mkono ni mbovu utajua wa kwanza. Utatuandikia kwa posta."

Nikaufunga. Sikugonga chapa kwa sababu sikuwa nayo, na Singh, nikaona, naye hakugonga nyota. Usiku nikilala nilikuwa nauona ule mkono mwekundu. Sikuwa mwoga, na aliyefanya kazi chini ya ardhi Ndola hawezi kuitwa mwoga, lakini nilikuwa na mke kijana na mtoto wetu Lusajo, na nilijua kile kilichokuwa chini ya rangi. Au nilidhani najua. Ndiyo shida yenyewe: hakuna aliyenipa nafasi ya kuhakikisha.

Lilipokamilika, tulipaswa kulijaribu barabarani kabla halijapelekwa Iringa. Kiti cha pembeni kilihitaji uzito. Singh alisema tuweke mifuko ya mchanga. Atupele siku hiyo alitaka kwenda kwa mama yake, upande wa Kiwira, na mimi nikasema kwa nini nibebe mchanga wakati nina mke? Nakiri pia nilitaka watu wa njia ile wanione.

Tulitoka asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya vilima. Gari halikuwa na kioo cha mbele. Atupele alijifunga kanga kichwani, akashika ukingo wa bodi kwa mikono miwili.

"Baba Lusajo, punguza."

"Hapa tunatambaa."

"Basi tambaa polepole."

Tulipita Uyole, tukapanda Isongole, tukaanza kuteremka kwenye migomba. Gari lilikwenda kama nilivyoliunda. Injini ilikuwa inaimba. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, imelowa kidogo, na nilikuwa nimeanza kupanda kilima kifupi, nimekanyaga mafuta, nikafika juu, na mbele yetu, katikati ya barabara, mkungu wa ndizi begani, alikuwa anakuja baba yangu.

Wasiotoka kwetu lazima niwaeleze. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hali naye, hatamki jina lake, na akimwona njiani anatoka njiani, anajificha mpaka mzee apite. Wachungaji walikuwa wamekwisha kusema Wakristo wayapunguze mambo hayo. Atupele aliwasikiliza wachungaji kwa mengi, ila si kwa hilo. Alilelewa hivyo, na miguu yake ilikuwa inatoka njiani kabla kichwa hakijafikiri.

Siku ile miguu haikuwa na pa kutokea. Kwa hiyo alitumia mikono. Akaunyakua usukani kutoka kwangu, akauvuta kushoto kwa nguvu zake zote, nguvu za mwanamke anayelima mlimani, ili gari zima litoke njiani kwa adabu.

Nikasikia *ta!* chini ya miguu yetu. Usukani ukazunguka mkononi mwangu, mwepesi, kama wa mchezo. Nikakanyaga breki, ambazo, nawakumbusha, nilizifunga mimi. Gari likateleza, likaingia mtaroni polepole, likaegemea migomba, likazimika. Kabla sijageuza shingo kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Atupele alikuwa ameshaingia migombani na kanga yake amejifunika mpaka kiunoni.

Baba alifika. Aligeuza uso wake akatazama milima, upande usio na migomba, kama alivyopaswa.

"Mugonile, tata," nilimwamkia, nikiwa bado nimeshika usukani usio na kazi.

"Ndaga. Aliyeingia migombani ameumia?"

Kutoka ndani ya migomba Atupele akaniambia mimi, "Mwambie sijaumia."

"Anasema hajaumia."

"Nimesikia," alisema baba. Kisha akakumbuka kwamba hakupaswa kusikia. "Amesemaje?"

"Kwamba hajaumia, tata."

"Mwambie ana adabu. Mwambie mkamwana kama yeye sijaona." Akautua mkungu chini. "Na wewe, kwenye ile karatasi yako hawakukuandikia kwamba ukimwona baba yako unasimama?"

"Nilikuwa kwenye mwendo mkali, tata."

"Yeye alikuwa kwenye mwendo huo huo," alisema baba, bado anaitazama milima. "Amesimama."

Migomba ikacheka. Sina namna nyingine ya kueleza sauti niliyosikia.

Nililala chali chini ya gari nikaukuta ule mkono mwekundu umevunjika vipande viwili. Niliviweka mfukoni, nikaviacha huko mpaka lori la Singh lilipotuvuta kurudi mjini, na hapo nikaviweka juu ya jiliwa la kubania vyuma mbele yake bila kusema neno. Hilo la kutosema neno lilinigharimu kuliko diploma.

Singh aliviinua, akatazama mahali palipovunjika. Vijana, chuma kilichovunjika husomeka. Palipokuwa na ufa wa zamani ni peusi, pana kutu. Panapovunjika leo panang'ara kama chumvi. Pale ulipovunjika ule mkono karibu pote palikuwa peusi. Sehemu iliyong'ara haikuzidi ukucha wa kidole kidogo. Ukucha huo ndio uliokuwa unatuongoza kutoka mjini mpaka pale, na ndio ambao Bwana Kosta angekwenda nao kwenye mbio, mimi pembeni.

"Nani alivuta usukani?" aliuliza Singh.

"Mke wangu."

"Kwa nini?"

"Alimwona baba yangu."

"Baba yako mtu mbaya?"

"Hapana. Ni baba mkwe."

Singh alifikiri. "Kwetu pia wanafunika uso mbele ya baba mkwe," alisema. "Lakini hawapindui gari."

Kisha akanipa nyundo yake mwenyewe. "Fua huo wako."

Nilichagua ekseli ya lori zito, iliyochakaa meno lakini mwili wake mzima. Niliipima kwa mafuta ya taa na chaki kabla ya kuikata, na nikakipima tena kipande nilichokata. Nilikipasha moto wa mkaa mpaka kikawa na rangi ya embe bivu, nikakifua juu ya fuawe huku nikikirudisha motoni kila rangi ilipofifia. Usifue chuma kilichoanza kuwa cheusi. Hapo ndipo nyufa huzaliwa. Sikuchomelea popote. Tundu lake nilikereza kwa mashine, nikalijaribu, nikakereza tena mpaka pini iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba na haikucheza. Kukipoza ghafla nilitumia mafuta machafu ya injini, wala si maji, maana maji yetu ya Mbeya wakati wa baridi yanapasua chuma kama kioo. Mwisho nilikipasha tena kidogo, ili kisiwe kigumu mpaka kikavunjika. Sikukipaka rangi.

Bwana Kosta alipokuja kuchukua gari alionyeshwa vile vipande viwili. Aliutazama weusi ule, akaishika ile sehemu ndogo inayong'ara kwa kidole, akapiga ishara ya msalaba kwa namna ya kwao, kulia kwanza. Hakuuliza habari za rangi.

"Nigonge chapa?" nilimwuliza Singh.

"Unajua utarudi?" alisema. "Kwanza rudi."

Siku ya mbio Singh alikuja Iringa pamoja na lori lililobeba gari. Wakulima walikuwa wamekuja na viti vyao na vikapu vya chakula. Wenyeji wa pale walikaa juu ya vichuguu, mahali pazuri kuliko viti. Nilikaa kushoto kwa Bwana Kosta, miwani ya kuchomelea machoni. Nilikuwa nimeinama nje kidogo, nikiutazama mkono wangu wa chuma ukifanya kazi. Kila kona uliinama na kunyooka kama nilivyouambia.

Karibu na mwisho, jirani aliyekuwa shabaha ya Bwana Kosta tangu mwanzo alitubana. Bwana Kosta akakataa kubanwa. Gurudumu letu la mbele likatoka njiani likagonga kisiki cha mti kilichoachwa na waliosafisha shamba. Sauti yake niliipata kwenye meno. Gurudumu liliruka juu, likaning'inia, nikaona ule mkono wa chuma ukitetemeka mbele ya macho yangu, kwa muda wa kutosha mtu kusali mstari mmoja. Likatua. Bwana Kosta akageuza usukani kulia, na gari likaenda kulia.

"Bado upo?" alinipigia kelele.

"Nipo! Endesha, bwana!"

Tulimaliza wa tatu. Jirani yake alikuwa wa nne, na kwa Bwana Kosta huo ulikuwa ushindi. Aliyekuwa wa kwanza simkumbuki, na nadhani hata yeye mwenyewe amesahau.

Singh hakupongeza mtu. Alipiga magoti kwenye vumbi, suruali yake safi na yote, akaufungua mkono, akaupaka mafuta ya taa, akakaa akisubiri, akafuta, akatoa chaki mfukoni. Watu walidhani ni dawa. Weupe ule ulibaki mweupe. Hakuna mstari, hakuna nywele, hakuna kitu.

Ndipo akatoa kitu kingine mfukoni, kipande cha chuma kifupi chenye ncha. Alikuwa amekichonga mwenyewe bila kuniambia. Nilikigeuza nikatazama alama iliyokuwa kwenye ncha: jani la mgomba, dogo, na mshipa wake katikati.

"Jina lako refu," alisema. "Hili linatosha."

Niliugonga mkono ule kwenye upande wake mnene, pale kwenye vumbi la Iringa, na tangu siku ile kila kilichotoka mikononi mwangu kina jani. Mmeliona kwenye mashine za kukoboa kahawa, kwenye pampu, kwenye malori yanayopita barabara kuu mpaka leo. Mlikuwa mnaniuliza kwa nini jani. Basi mmejua.

Diploma yangu ipo ukutani sebuleni, kwenye fremu, na haijawahi kunyeshewa. Chini yake nimetundika vile vipande viwili vyekundu vya mkono wa Bwana Kosta, upande mweusi ukitazama nje. Mgeni akija namwonyesha diploma kwanza, kisha namweleza jinsi nilivyojua tangu mwanzo kwamba mkono ule ni mbovu, na jinsi nilivyoufua mwingine. Naeleza vizuri. Nikifika mwisho, Atupele, ambaye kwa kawaida anakuwa anamimina chai, anachukua kisahani, anakishika kwa mikono miwili, anakivuta kushoto.

Basi narudi nyuma, namweleza mgeni na sehemu hiyo.